Gitaa la mtumba: angalia shingo kwanza, mengine Luthuli watayamaliza

Nianze na pesa, kwa sababu ndizo zilizoamua mengine yote. Zamu yangu ya chama ilipofika niliweka kando shilingi 30,000, na ndani ya hizo nilitaka gitaa la umeme, amplifaya, waya na mfuko wa kubebea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Eastlands. Gitaa kavu nimelipiga tangu chuo cha ualimu, kanisani na kwenye sherehe za shule. Kisha majirani kadhaa tukaanza kukutana Jumamosi alasiri kupiga rumba za zamani, zile za enzi ya Les Wanyika na Super Mazembe, na hapo nikagundua kwamba mbele ya ngoma na besi gitaa kavu halisikiki hata ulichape vipi. Rithimu ya aina aliyokuwa akipiga Omar Shabani wa Les Wanyika haitaki nguvu, inataka kila noti isikike safi na ikatike mahali pake. Kwa hilo lazima uchomeke waya.

Maduka ya vyombo katikati ya jiji niliyapitia kwanza. Gitaa jipya lenye jina linaloeleweka lingemaliza pesa zote kabla sijafika kwenye amplifaya. Yale ya bei ya chini kabisa nilijaribu mawili. Kwenye freti za juu (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) nyuzi zilikuwa mbali na shingo hivi kwamba kidole kiliuma. Basi nikaingia soko la mtumba.

Ukianza kutafuta Nairobi utaona magitaa ya mtumba yanatoka sehemu zinazojirudia. Kuna matangazo ya mtandaoni, ambako kila gitaa "halijatumika sana" na kila bei "inaongeleka". Kuna makanisa yanayobadilisha vyombo, na vijana wa bendi za makanisa hayo. Kuna wageni wa mashirika wanaomaliza mikataba na kuuza vitu vya nyumba, hasa pande za Kileleshwa, Westlands na Gigiri karibu na makao ya Umoja wa Mataifa. Halafu kuna madalali wa mjini, ambao hawana gitaa ila wanamjua mtu aliye nalo. Kila sehemu ina ugonjwa wake. Gitaa la kanisa limepigwa kila Jumapili na watu watano tofauti, soketi yake imechoka. La mgeni limetunzwa lakini bei yake huanza kwa dola. La dalali, tutalifikia.

Bahati yangu ni Mzee mmoja wa Kariobangi South aliyepiga besi mahotelini miaka ya 1980 na sasa hutengeneza magitaa barazani kwake. Nilimpata kupitia mpiga ngoma wetu. Nilikuwa nimeshaona tangazo la gitaa jeusi linalong'aa huko Kasarani, shilingi 22,000, picha zake nimezitazama usiku kucha, nikamwomba anisindikize. Nilimlipia nauli na chakula cha mchana, na hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko yote katika shughuli hii.

Kijana alitufungulia mlango akatukaribisha, "Karibu madam, karibu mzee," akawasha amplifaya tayari. Mzee akamwambia azime kwanza. Akalichukua lile gitaa, akaliinua hadi usawa wa jicho na kuangalia kando ya shingo kutoka upande wa kichwa hadi mwilini, jicho moja amelifumba kama seremala anayekagua ubao. Akaangalia upande wa uzi mnene, akaangalia upande wa uzi mwembamba. Kisha akanipa mimi. "Mwalimu, pande hizi mbili zinasema kitu kimoja?" Hazikusema kitu kimoja. Upande mmoja ulikuwa umenyooka, mwingine ulipanda karibu na freti ya kumi. Shingo ilikuwa imejisokota.

Hapa inafaa nieleze, maana ndiyo sehemu inayopoteza watu wengi. Ndani ya shingo ya karibu kila gitaa la umeme kuna fimbo ya chuma. Nyuzi zinavuta shingo mbele, fimbo inaivuta nyuma, na fundi huikaza au kuilegeza kwa spana ya alenki ili nguvu hizo mbili zikae sawa. Shingo iliyopinda kwenda mbele au nyuma kwa kipimo cha kawaida ni marekebisho ya dakika chache. Shingo iliyojisokota, upande mmoja hivi na mwingine vile, fimbo ya kawaida haiwezi kuinyoosha. Lile gitaa la Kasarani lilikuwa na ubaya mwingine juu ya huo: tulipofungua kifuniko kidogo pale kichwani, tundu la alenki lilikuwa limelika likawa duara. Mtu alishajaribu kukaza kwa nguvu akashindwa.

Mzee alimrudishia kijana kwa upole, "Gitaa ni zuri, lakini mwalimu atakuja kulia." Tukaondoka. Ndani ya matatu ya Thika Road nilinuna kabisa. Nilikuwa nimeshalipenda, na moyoni nilimlaumu Mzee kwamba hata hakulisikiliza.

Akaniacha ninune hadi Pangani, ndipo akaniambia jambo ambalo baadaye nililipima na kuliona ni kweli. Nairobi, alisema, mafundi wa waya ni wengi kuliko wanamuziki. Nenda Luthuli Avenue au pale nyuma ya River Road, kila ngazi ina mtu mwenye chuma cha kuchomea risasi na mita, anafungua redio na spika tangu asubuhi. Soketi inayokwaruza, swichi iliyochoka, waya uliokatika ndani ya gitaa: hayo kwao ni mambo ya nusu saa. Lakini mtu wa kung'oa freti na kuweka mpya, au wa kuokoa shingo, hao wanahesabika, wana foleni, na wana haki ya kukutoza bei yao. "Sasa wewe unatafuta gitaa lisilo na kasoro kwa elfu ishirini. Halipo. Tafuta lenye kasoro ya Luthuli."

Kuanzia hapo nikaanza kusoma matangazo kinyume. "Liko sawa kabisa" lilinitia shaka. "Lina shida kidogo ya sauti" nikalipigia simu.

Vipimo alivyonifundisha nitaviandika jinsi nilivyovifanya mwenyewe baadaye. Baada ya kuangalia shingo kwa jicho, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na mwili, kwa mkono mwingine. Uzi uliovutwa hivyo unakuwa rula. Angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ikipita kadi ya biashara bila kusukumwa, hapo ni pazuri. Uzi ukigusa kabisa, shingo imeenda nyuma au imenyooka kupita kiasi. Nafasi ikiwa kubwa, imepinda mbele. Yote mawili fimbo hurekebisha mradi inageuka, kwa hiyo mwombe mwenye gitaa ruhusa ya kufungua kifuniko na uone kama tundu ni zima. Akikataa, umepata jibu.

Freti nazo zina hadithi. Weka tochi ya simu pembeni uangalie chini ya nyuzi tatu nyembamba, freti ya kwanza hadi ya tatu. Wapigaji wa kanisani hucheza chodi zilezile, kwa hiyo vishimo huanzia hapo. Kishimo kidogo husawazishwa kwa kupiga msasa freti zote, ikiwa bado zina urefu. Zikishakuwa bapa, ni freti mpya, na hiyo si kazi ya Luthuli. Halafu piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, hata kama mwenye nyumba anachoka. Anayetaka kupiga solo za benga asiruke za juu ya kumi na mbili, kwa sababu ndiko atakakoishi. Gitaa linaloimba vizuri chini na kukwama kule juu halimfai.

Kipimo kingine: gusa uzi taratibu juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze freti hiyohiyo. Programu ya kutuni ya kwenye simu ioneshe noti ileile mara zote mbili. Freti ya kumi na mbili iko nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo zikitofautiana, kipande cha daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini) kinachobeba uzi huo kinahitaji kusogezwa mbele au nyuma. Ni kazi ya bisibisi. Usilihukumu gitaa kwa hili kama nyuzi ni kuukuu zenye kutu, maana nyuzi chakavu hudanganya.

Sasa dalali. Nilipigiwa simu, "Madam, nina Gibson Les Paul, orijino ya Marekani, elfu thelathini na tano, kwako thelathini." Tukakutana mkahawani karibu na Tom Mboya Street. Lilikuwa zito na zuri kwa macho, rangi ya asali. Lakini hesabu ya kwanza ni ya kichwani tu: Les Paul Standard mpya ya Marekani inauzwa zaidi ya dola 2,000 hukohuko kwao. Hata iliyotumika haiwezi kufika mkahawani kwa bei ya simu. Hesabu ya pili ni ya skrubu. Kifuniko cha fimbo kwenye kichwa cha Gibson halisi hushikwa na skrubu mbili. Hili lilikuwa na tatu, alama inayojulikana sana kwenye bandia. Nilimwonesha yule dalali, akaniambia hiyo ni modeli ya Afrika.

Sisemi bandia zote ni takataka. Mpiga kinanda wetu ana moja anayoijua kuwa bandia, na inalia vizuri. Ninachosema ni kwamba bandia ilipiwe bei ya gitaa lisilo na jina, si bei ya nusu ya jina. Na kama jina linakutia hamu, majina ya halali ya bei nafuu yapo: Squier ni ya Fender, Epiphone ni ya Gibson, na Yamaha, Ibanez na Cort wana magitaa ya wanafunzi yanayodumu. Hapo pia angalia kichwa vizuri, kwa sababu wapo wanaofuta neno Squier na kubandika Fender.

Kwa aina ya Les Paul, halisi au bandia, kuna jambo la lazima. Kichwa chake kimeinamishwa nyuma, na pale nyuma ya kile kipande kinachoshika nyuzi shingo ni nyembamba. Likianguka chali, huvunjika hapo. Pitisha ukucha na tochi ukitafuta mstari au rangi iliyopakwa juu ya nyingine. Gundi iliyofanywa vizuri hushika kwa miaka, lakini bei lazima ishuke, na muuzaji akuambie mwenyewe.

Urefu wa nyuzi nao nilijifunza kuuliza. Magitaa ya mtindo wa Fender yana urefu wa milimita 648 kutoka kichwani hadi darajani, ya mtindo wa Gibson yana takriban 628. Tofauti ni ndogo ukiisoma, lakini mkononi unaihisi: kwenye fupi nyuzi ni laini zaidi na freti zimekaribiana. Mimi nina vidole vifupi, nikadhani lazima nichukue fupi. Nilipojaribu yote mawili nikaona ile ndefu inanipa rithimu inayokatika vizuri zaidi, na vidole vikazoea.

Moja lilitangazwa kutoka Mombasa, bei nzuri sana, nitume pesa kisha litumwe kwa basi. Sikutuma. Tuseme muuzaji ni mwaminifu kabisa: gitaa lililoishi pwani lina chumvi kwenye vyuma, na mbao zake zimezoea unyevu. Likiletwa Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hasa ile miezi mikavu ya Januari na Februari, ubao wa shingo hunywea kidogo na ncha za freti zinachomoza pembeni, zinakwaruza kiganja. Hutengenezeka kwa tupa, lakini nilitaka kulishika kabla ya kulipa.

Kileleshwa nilikwenda kwa ajili ya amplifaya. Mgeni aliyekuwa anahama aliuza Telecaster, gitaa la Fender, iliyotengenezwa Mexico kwa 55,000, nikaishika tu kwa heshima nikairudisha. Amplifaya yake ndogo ilikuwa 6,000, na ilinivutia kweli. Nikaigeuza nyuma: 120V. Hapa kwetu umeme ni volti 240. Mpiga besi wetu aliletewa amplifaya na shemeji yake kutoka Marekani, akaweka adapta ya plagi akachomeka. Ilitoa harufu kabla ya kutoa sauti. Adapta hubadilisha umbo la miguu ya plagi, volti inaziacha zilivyo. Za kutoka Japani ni mbaya zaidi, kule ni volti 100. Unaweza kununua transfoma ya kushusha umeme, lakini ongeza bei yake na uzito wake kwenye hesabu, na uibebe kila unakokwenda. Maandishi ya nyuma ya amplifaya yasome kabla hujauliza bei.

Lile nililonunua lilikuwa Kayole. Yamaha Pacifica 112, gitaa la mtindo wa Stratocaster ya Fender lenye pikapu (vile vidude vya sumaku vinavyodaka mtikisiko wa nyuzi) mbili za koili moja, na hambaka moja, yaani pikapu ya koili mbili, karibu na daraja. Kijana mwenyewe alipiga kwenye bendi ya vijana ya kanisa lao na alikuwa anahamia Eldoret kwa masomo. Alitaka 22,000. Kwenye tangazo aliandika wazi kwamba "pikapu ya katikati hailii na sauti inakwaruza". Nilifurahi hadi nikajishuku.

Siku hiyo Mzee hakuweza kuja. Nilibeba tochi, alenki, bisibisi, waya wangu, mita niliyoazima kwa jirani fundi umeme, na kile kidude cha VOX kinachoitwa amPlug, amplifaya ndogo ya kuchomeka kwenye gitaa, ambacho hutumia betri mbili ndogo za AAA na unasikiliza kwa visikizi. Hicho cha mwisho nilikiazima pia, na namshauri yeyote akitafute, kwa sababu stima ikipotea mkiwa katikati ya majaribio, na ilipotea, hamuahirishi kitu. Isitoshe, unasikia gitaa lenyewe bila mvumo wa soketi ya ukutani.

Shingo ilikuwa safi pande zote. Kadi ikapita. Fimbo ikageuka kidogo kwenda na kurudi bila kugoma. Freti za mwanzo zilikuwa na vishimo vidogo, za juu kama mpya. Nikaja kwenye umeme wake. Kuna njia ya kupima pikapu bila kufungua gitaa: chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti hadi mwisho, kisha weka ncha za mita kwenye plagi ya upande wa pili, moja kwenye ncha na moja kwenye mwili wa plagi. Koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7, hambaka ya kawaida kati ya 7 na 9, na zile kali hupita hapo. Pikapu ya shingoni ilisoma vizuri, ya darajani vizuri. Nikasogeza swichi katikati, namba ikaruka hadi mamia. Maana yake mita haioni koili kabisa, inasoma tu kile kidude cha kuongeza na kupunguza sauti.

Hapo kuna njia mbili. Huenda waya umeachia kwenye swichi, na hiyo ni kazi ndogo kabisa. Huenda koili imekatika ndani, na hiyo ni pikapu mpya. Kwa nje huwezi kujua. Nikapiga hesabu kwa kuchukulia ile mbaya zaidi. Nikamwambia kijana, bila kupaza sauti: pikapu ni 3,000, soketi na usafi na kazi ni karibu 2,000, nipe kwa 17,000. Akasema, "Mwalimu, hiyo sasa ni kunikanyaga." Tukaongea. Mama yake akaleta chai. Nilimwonesha namba kwenye mita, nikamwonesha na ya pikapu nzima ili aone sijambuni. Mwishowe akakubali 17,000, pengine kwa sababu ya chai ile kuliko mita yangu.

Kabla ya kutuma pesa tuliandika karatasi: namba ya gitaa iliyo nyuma, jina lake na langu, namba za vitambulisho, tarehe, bei, sahihi. Nikahakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa ndilo la kwenye kitambulisho. Vyombo vya makanisa huibiwa, na hilo si jambo la kuchezea: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo, hadi miaka 14. Kijana hakukasirika hata kidogo nilipoomba. Alinitafutia hata picha ya zamani akiwa nalo madhabahuni. Yule dalali wa mjini, kwa kulinganisha, nilipotaja karatasi alisema ana haraka.

Jumatatu baada ya shule nikapanda ngazi za Luthuli. Fundi alifungua kile kibao cha mbele, akaangalia kwa muda mfupi sana, akanionesha: waya wa pikapu ya katikati ulikuwa umeachia kwenye swichi. Akauchomea, akabadilisha soketi, akapulizia nobu dawa ya kusafisha viunganishi vya umeme, shilingi 800 yote pamoja. Ukienda kwa fundi wa redio, piga picha ya ndani kabla hajagusa waya wowote. Wengi ni hodari lakini hawajawahi kuona gitaa, na akibadilisha nyaya mbili za pikapu moja italia vizuri ikiwa peke yake, kisha ukiiunganisha na nyingine sauti inakuwa nyembamba, ya puani. Na usikubali mafuta ya cherehani kwenye nobu.

Nyumbani likavuma. Mvumo mdogo ni tabia ya koili moja, inadaka umeme wa nyumba. Ukishika nyuzi na mvumo ukipungua, gitaa liko sawa. Wangu ulikuwa mkubwa, nikaogopa. Nikalipeleka kwa jirani, mvumo ukapungua sana. Shida ilikuwa soketi ya ukuta wangu isiyo na waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba nyingi za kupangisha ziko hivyo, na kwa mpiga gitaa anayeimba ni hatari, kwa sababu mdomo ukigusa maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi unaweza kurushwa. Nilimsumbua mwenye nyumba hadi akaleta fundi.

Mvua za Aprili zilipoanza, nyuzi zikapanda. Nilijua ni kwa nini, nikampelekea Mzee. Aligeuza fimbo robo mzunguko, akaliacha usiku mmoja, akaweka nyuzi mpya za unene wa 10 hadi 46 (hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi), akasogeza vipande vya daraja hadi kengele na freti zikasema noti moja. Alinitoza 2,500, na akakataa niongeze.

Hesabu ikawa hivi: gitaa 17,000, Luthuli 800, nyuzi 1,200, Mzee 2,500, waya 1,500, amplifaya ndogo ya mtumba ya volti 240 kwa 8,500, mfuko 1,500. Jumla 33,000, bila nauli na ule mlo wa mchana wa Kasarani. Nilipitisha bajeti kwa 3,000, nikazikopa kwenye chama. Ningekuwa nimelipa 22,000 za lile jeusi, ningebaki na 8,000 za kila kitu kingine na shingo isiyonyooka.

Mzee amesema vile vishimo vya freti za mwanzo vitataka msasa mwakani, niweke 4,000 kando na nimwambie mapema, foleni yake ni ndefu kabla ya Desemba.